Mhariri, niliwahi kumwandikia marehemu risiti

Mhariri,

Naomba unipe nafasi. Najua barua yangu ni ndefu ila jambo lenyewe limenikaa kifuani mda mrefu na nikilikatakata litapotea. Wiki mbili zilizopita ulitoa barua ya msomaji mmoja wa Iringa akilalamika kwamba makanisa yamelegea, eti neema neema imezidi, vijana hawaogopi tena, mabinti wanaingia ibadani na suruali, watu hawamalizi ahadi zao na bado wanadai huduma, na ushauri wake ni turudi kwenye utaratibu wa zamani, asiyetoa asihudumiwe, aliyeanguka akae nje mpaka aonekane amenyooka. Huku kwetu barua ile imesomwa sana. Mzee mwenzangu alikuja nayo kwenye kikao cha wazee wa kanisa imekunjwa ndani ya Biblia, akaisoma kwa sauti, karibu wote wakasema amina. Mimi sikusema amina na wala sikusema neno lolote, nikarudi nyumbani nimenyamaza, na kule kunyamaza ndiko kumenifanya nikae leo niandike.

Ndugu yangu wa Iringa simjui kwa sura ila namjua vizuri, mana nimekuwa yeye. Mimi ni mkulima wa viazi huku Uyole, nina miaka 61, nimekuwa mzee wa kanisa miaka 14, na miaka tisa kati ya hiyo ndiye niliyekuwa natunza daftari. Jina la kanisa langu silitaji kwa sababu sitaki kumwaibisha mtu, na pia kwa sababu utaratibu huu uko kwenye makanisa mengi tu, siyo la kwetu peke yake. Anayekaa kwenye kanisa la mtaani huku Nyanda za Juu anajua daftari ninalosema. Kuna jina lako, namba ya bahasha yako, ahadi yako ya mwaka, sadaka ya mavuno, mchango wa jengo, halafu kuna mistari ya miezi kuanzia Januari mpaka Desemba, ukitoa unawekewa tiki, usipotoa panabaki peupe. Waliotengwa nilikuwa nawaandika kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa na mwandiko mzuri na nilikuwa najivunia lile daftari, yani ulikuwa ukiniuliza hali ya muumini yeyote nilikuwa nafungua ukurasa na kukujibu papohapo, huyu msafi, huyu ana deni, huyu yuko nje. Hilo neno msafi tulikuwa tunalitumia hivyohivyo, fulani kadi yake ni safi, na baada ya mda neno kadi likadondoka njiani tukawa tunasema tu fulani ni msafi.

Sasa nieleze kilichotokea. Kulikuwa na bibi mmoja wa jumuiya yetu alipata kiharusi akalala kitandani mwaka mmoja na nusu. Kwa miezi yote hiyo kadi yake ilikuwa nyeupe, angetoa nini na hata kugeuka alikuwa anageuzwa. Akafariki mwezi wa saba, ile baridi ya huku ambayo asubuhi unakuta majani ya viazi yameungua kwa barafu. Binti yake anauza chai na ndizi za kuchoma barabarani, na yeye mwenyewe alikuwa kwenye kalamu nyekundu kwa sababu alizaa bila ndoa. Utaratibu wetu ulikuwa wazi, marehemu mwenye deni mchungaji haendi, kwaya haiendi, kengele haipigwi, mpaka ndugu wamalize deni lake.

Basi saa nne usiku, msiba uko kwao, watu wamekaa kwenye moto, yule binti akaja nyumbani kwangu peke yake. Akanisalimia shikamoo mzee, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, akafungua pindo la khanga. Akatoa noti za elfu mbili mbili, noti za elfu moja, sarafu za mia tano na za mia mbili, zote zinanuka moshi wa mkaa, kuna noti moja ilikuwa imechanika ikaungwa na selotepu. Deni lilikuwa elfu 46. Nikahesabu, nikahesabu tena mara ya pili mbele yake kama nilivyozoea, nikachukua kitabu cha risiti, nikaweka kaboni, nikaandika. Imepokelewa kutoka kwa, nikaandika jina la marehemu. Kwa ajili ya, nikaandika malipo ya ahadi, deni. Nikasaini nikachana nikampa. Akaishika ile karatasi karibu na taa akaiangalia mda, halafu akaniuliza, "Mzee, kwa hiyo mama sasa ameshakuwa msafi?"

Nikamwambia ndio, ameshakuwa msafi.

Mhariri, hayo ndiyo maneno yaliyotoka mdomoni kwangu. Kesho yake mazishi yalifanyika vizuri sana, mchungaji alikuja, kwaya iliimba, mimi mwenyewe nikasoma historia ya marehemu nikasema alikuwa muumini mwaminifu, nikala na watu nikarudi shambani. Wala sikuumia. Hilo ndilo linanitisha mpaka leo kuliko vyote, kwamba sikuumia.

Kuumia kulikuja mwezi wa kumi. Kila mwaka mwishoni mwa Oktoba tunawafundisha watoto wa kipaimara habari za Luther, na mwaka ule nilipangiwa mimi. Nikasimama na chaki nikaandika ubaoni 31 Oktoba 1517, siku inayokumbukwa kwa hoja zake za kupinga uuzaji wa msamaha, nikawaeleza kwamba Martin Luther alikuwa mtawa na mwalimu wa chuo pale Wittenberg, alikuwa anafunga na kukesha na kuungama dhambi zake mpaka mlezi wake Staupitz anachoka naye, na bado moyo hautulii, mpaka aliposoma Warumi akaona kwamba haki ya Mungu inapokelewa kwa imani na hainunuliwi. Nikawaambia kulikuwa na mhubiri anaitwa Tetzel anapita mijini kuuza vyeti vya msamaha, hela zinatajwa kuwa ni za kujenga kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma, na kumbe sehemu yake kubwa ilikuwa inakwenda kulipa deni la askofu mkuu Albrecht kwa benki ya akina Fugger. Nikaendelea nikasema, na watu walikuwa wananunua hata kwa ajili ya ndugu zao waliokwisha kufa. Hapo nikanyamaza na chaki mkononi. Niliiona ile noti yenye selotepu. Watoto wakadhani nimesahau somo. Niliwaambia wafungue Wagalatia wasome wenyewe kimya kimya, nikatoka nje nikasimama nyuma ya kanisa kwenye ile mikaratusi mpaka mda ukaisha.

Naomba ndugu zetu Wakatoliki wasinielewe vibaya, siandiki kuwasema. Mambo ya 1517 ni ya 1517, na tarehe 31 Oktoba 1999 kule Augsburg Ujerumani Walutheri na Wakatoliki walisaini tamko la pamoja wakikiri kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema peke yake, kwa imani katika kazi ya Kristo, na siyo kwa sababu ya stahili yetu, na mwaka 2006 Wamethodisti nao wakajiunga. Kwahiyo kwenye karatasi tumeshakubaliana. Shida iko huku chini kwenye kitabu cha risiti.

Nikarudi kwenye Wagalatia na mimi. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi ila safari hii niliisoma kama mshtakiwa. Paulo anasema kama haki hupatikana kwa njia ya sheria, basi Kristo alikufa bure. Halafu ukienda Warumi 3 anasema tunahesabiwa haki bure kwa neema yake. Angalia lugha yetu hii ilivyo, neno ni lilelile, bure. Kuna bure ya hasara, umepanda viazi barafu ikavichoma umelima bure, na kuna bure ya zawadi, jirani kakupa debe la mbegu kasema chukua bure. Na hizo mbili haziwezi kukaa pamoja. Ukikataa kwamba mtu ameokolewa bure, basi umesema Kristo alikufa bure, hakuna katikati. Mimi nilikuwa nasimama pale katikati na kalamu yangu nadhani napalinda mahali.

Na kuna mstari mwingine, Wagalatia 5:1, katika ile Biblia yetu ya zamani, tafsiri ya Union, unasema katika ungwana huo Kristo alituandika huru, kwahiyo tusinaswe tena chini ya kongwa la utumwa. Vijana wa leo wanapita tu hapo. Kongwa siyo nira ya ng'ombe, kongwa ni ule mti wenye panda waliokuwa wanafungwa watumwa shingoni wakitembezwa mpaka pwani. Babu zetu huku waliujua, mana Mlozi na biashara yake ya watumwa alikuwa pale Karonga, Malawi ya leo, ng'ambo tu ya mto Songwe, mpaka Waingereza wakamkamata na kumnyonga Desemba 1895. Wamisionari Wamoravian na wale wa misheni ya Berlin walifika huku Konde, ndiyo Unyakyusa, mwaka 1891, wakati makongwa bado yanavaliwa, na kati ya watu wa mwanzo waliokusanyika kwenye zile misheni kulikuwa na waliotoka utumwani, wengine wanawake wasio na ukoo wala mtu wa kuwasemea. Hao hakuna aliyewauliza kadi, wangeitoa wapi. Na ona mtafsiri alivyosema, alituandika huru. Mtumwa akiachiliwa alikuwa anaandikiwa hati, na yule aliyeandikwa hakuwa na kalamu, kalamu ilikuwa kwa mwingine. Mimi miaka tisa niliishika kalamu nikawa naandika watu kinyume chake.

Ndugu wa Iringa atasema, na wazee wenzangu wameshaniambia, kwamba ukihubiri hivi watu watafanya dhambi wanavyotaka. Hiyo hoja naiheshimu, siyo ya kijinga, Paulo mwenyewe aliulizwa hivyo hivyo na akajibu hasha. Na wapo kweli wahubiri wanaotumia neno neema kufunika uchafu wao, hao siwatetei hata kidogo. Lakini nimekaa na sheria miaka mingi nikaiona inavyofanya kazi kwa karibu, kwahiyo niseme nilichokiona. Sheria zetu hazikuzuia dhambi, zilifundisha watu kuficha. Binti akipata mimba alikuwa anapelekwa kwa shangazi Makambako au Tunduma mpaka ajifungue, kijana aliyempa mimba yuko kwaya anaimba sauti ya pili, mana yeye tumbo halionekani. Kalamu yangu nyekundu ilikuwa na majina ya wanawake ukurasa baada ya ukurasa na wanaume wa kuhesabu kwa vidole, na miaka yote tisa sikujiuliza hao watoto walipatikanaje.

Na hizo suruali. Jamani. Wasichana wa huku wanaamka saa kumi na moja alfajiri mwezi wa sita kupakia viazi kwenye Fuso, baridi inakata masikio, watavaa nini kama siyo suruali na soksi mbili. Jumapili wanatoka moja kwa moja wanakuja kanisani, wanafika kwenye geti wanafunga kitenge juu ya suruali ileile, ibada ikiisha wanakifungua palepale getini wanakitia kwenye mfuko. Nimeliona hilo kwa macho yangu kila Jumapili. Sasa kilichobadilika ni nini, isipokuwa tumemfundisha mtoto kwamba Mungu anaishia getini. Paulo aliwaandikia Wakolosai habari za amri za msishike, msionje, msiguse, akasema zinaonekana kama hekima ila hazina uwezo wa kuzizuia tamaa za mwili. Ndicho nilichokiona mimi.

Neema ndiyo inafundisha. Tito 2 inasema hivyo wazi, neema ya Mungu imefunuliwa, nayo yatufundisha kukataa ubaya. Mtu aliyesamehewa deni kubwa halali usingizi uleule. Mimi mwenyewe miaka ya daftari nilikuwa mkali nyumbani, mke wangu anajua, watoto walikuwa wakisikia baiskeli yangu wanaacha kucheka. Hakuna sheria iliyonitoa hapo. Nilitoka nilipojua kwamba nami niko kwenye orodha nyekundu na nimefutwa bila kulipa.

Na sisemi watu wasitoe. Kanisa lina umeme, lina bati linalovuja, mchungaji ana watoto wanasoma, hela inatakiwa na mimi natoa na nitaendelea kutoa. Wala sisemi kanisa lisiwe na utaratibu. Hata wale wakimbizi walioanzisha Wamoravian wa leo, waliokaa kwenye ardhi ya bwana mmoja Zinzendorf kule Herrnhut Ujerumani, waliokuwa wanagombana mpaka wakaribie kuvunjika, Mei 1727 walikubaliana kanuni za kuishi pamoja, na Agosti 13 mwaka huohuo wakashiriki meza ya Bwana pale Berthelsdorf wakalia na kupatana, na miaka mitano baadaye wakatuma watu wawili kisiwa cha St. Thomas huko Karibi kwa watumwa. Kanuni walikuwa nazo. Ila zilikuwa kanuni za nyumbani, za watu waliokwishaingia ndani, hazikuwa bei ya mlango. Mtu akikosea afuatwe, aonywe, abebwe, hiyo ni kazi na ni ngumu, inachukua jioni zako. Kumwandika kwa kalamu nyekundu ni dakika moja.

Kuna jambo moja bado linanichoma na ni la chakula. Yule binti miaka yote aliyokuwa nje, jumuiya ilikuwa inazunguka nyumba kwa nyumba kila wiki na nyumba yake tunairuka. Siku moja mvua ilitukuta karibu na kwake akatoka akatukaribisha, karibuni wazee chai iko tayari, tukasema asante mama tumeshakunywa, tukasimama chini ya mti wa parachichi wa jirani tukalowa. Petro alifanya hivyohivyo kule Antiokia, alikuwa anakula na watu wa Mataifa, yani wasio Wayahudi, vizuri tu, walipofika Wayahudi kutoka kwa Yakobo akaanza kujitenga akiwaogopa, na Paulo akamkemea mbele ya watu wote, akasema hawaendi sawasawa na kweli ya Injili. Yani swala la nani unakula naye Paulo aliliita swala la Injili. Sisi tulikuwa tunaliita nidhamu.

Ninachoomba kwa wazee wenzangu wa makanisa, wa Mbeya, Iringa, Njombe, Rungwe na kwingine, ni kitu kidogo na hakihitaji kikao cha mwaka. Msiba ukitokea daftari lisifunguliwe. Mtu azikwe na kanisa lake, kengele ipigwe, na kama kuna deni life naye. Mgonjwa aliyelala asipelekewe kadi, apelekewe uji. Mtoto wa mama asiye na ndoa abatizwe bila mama yake kusimamishwa mbele kwanza. Kwetu nimelisema kwenye kikao, la msiba limekubaliwa kwa tofauti ya kura chache, la ubatizo limekataliwa, na daftari nimelikabidhi kwa mwingine. Sijakata tamaa, nitalisema tena.

Mwezi wa pili mwaka huu nilikwenda kwa yule binti na elfu 46. Zilikuwa hela zangu za viazi, za kanisa zilishatumika zamani. Alikuwa anachochea moto wa chai, akainuka akanifutia stuli na kona ya khanga. Nikamwambia mwanangu nimekuletea hela yako ya ile risiti ya mama, ile risiti nilikuandikia uongo, mama yako hakuwa anadaiwa na Mungu. Akaziangalia hazishiki. Akaniuliza, "Mzee, kwa hiyo mama alizikwa bure?"

Nikamwambia ndio mwanangu, bure.

Alikaa kimya mda mrefu, watu wanapita, bajaji zinapiga honi. Halafu akazichukua akazifunga kwenye pindo, akamimina chai akaniwekea na ndizi mbili kwenye sahani. Nikakaa nikala zote.

Mzee wa kanisa,
Uyole, Mbeya
(jina nimelihifadhi)